Maoni Yetu: Saa za kazi zihesabiwe kwa mtu, si kwa gari

Jijini Dar es Salaam, daladala ya Mbezi kwenda Makumbusho inaweza kuingia barabarani saa 10 alfajiri na kulazwa saa 4 usiku. Gari ni moja na hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari, ni moja, lakini wanaolihangaikia ni wengi. Yupo dereva aliyekabidhiwa gari. Yupo deiwaka anayempokea akichoka. Kituoni yupo mpigadebe anayejaza abiria na kudai chake kabla gari halijaondoka. Kati ya hao, mara nyingi tajiri anamjua mmoja tu. Hali hii imevumiliwa kwa miaka mingi, na abiria wa Kimara na Mbezi ndio wanaopanda magari yanayoendeshwa hivyo kila siku.

Anayetaka kuona tatizo lilivyo aende kituoni mchana, wakati wa kupokezana. Dereva anashuka macho mekundu, shati limeganda mgongoni. Anamwachia deiwaka maneno machache: mafuta yamebaki kiasi gani, breki inashikaje, trafiki wamesimama wapi, hesabu imefikia wapi. Konda habadilishwi, yuko mlangoni tangu alfajiri, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Hakuna daftari linalosainiwa. Hakuna anayemuuliza deiwaka jana alilala saa ngapi, wala kama asubuhi alikuwa anapiga tripu kwenye gari jingine. Mpigadebe anagonga bodi, anapokea sarafu yake, gari linaondoka.

Mzizi wa yote haya ni hesabu. Tangu Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983 kulisaidia shirika la usafiri la UDA, sehemu kubwa ya biashara hii imeendeshwa kwa mtindo mmoja: tajiri anapokea kiasi alichopanga kwa siku, na mafuta, faini, mpigadebe na deiwaka vyote vinatoka kwenye kilichobaki. Siku ikiwa mbaya, anayekosa ni dereva na konda wake. Kwa hiyo gari halipumzishwi, ruti zinakatishwa na mwendo unaongezwa. Mtafiti Matteo Rizzo aliwahoji wafanyakazi wa daladala jijini mwaka 1998 akakuta siku yao ya kazi ni wastani wa saa 15. Deiwaka ametokana na ukweli huo: mwili wa mtu mmoja haumudu.

Hatuwalaumu madereva kwa kupokezana. Kupokezana ni jambo jema, na kumeokoa maisha ya watu ambao wangesinzia kwenye usukani. Tunacholaumu ni kupokezana kusiko na maandishi, kunakolipwa kwa mabaki, na kusikomhakikishia yeyote muda wa kulala.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina utata hapa. Saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata ukijumlisha saa za ziada, siku ya kazi haipaswi kuvuka saa 12. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Kwa mabasi ya mikoani, tumezoea kusikia askari wakiuliza dereva wa pili yuko wapi safari inapozidi saa 8. Dereva wa mjini anayezunguka kutwa kwenye foleni ya Ubungo haulizwi, ingawa uchovu wake ni ule ule na abiria wake ni watu vilevile.

Madhara hayaishii kwenye uchovu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unachangiwa na mwajiri ili mfanyakazi akiumia kazini atibiwe na alipwe. Deiwaka hayumo kwenye orodha ya mwajiri yeyote. Akivunjika mguu Kimara Stop Over, matibabu yake ni mchango wa wenzake kijiweni. Mpigadebe naye akikanyagwa na tairi anahesabiwa kama mpita njia, ingawa anashinda kituoni kutwa nzima akijaza magari ya watu.

Suala hili halikukoma mabasi ya Mwendokasi yalipokuja. Mei 2016 mabasi hayo yalipoanza kazi kati ya Kimara na katikati ya jiji, daladala ziliondolewa kwenye njia hiyo na kazi ya konda ikahamia kituoni: tiketi zikawa zinauzwa dirishani, dereva akabaki peke yake na basi lake. Mgawanyo wa kazi kati ya barabara na kituo ulibadilika kabisa, na kila mgawanyo wa namna hiyo unahitaji makubaliano yaliyo wazi. Karakana kuu ya awamu hiyo ya kwanza ya Mwendokasi ilijengwa bonde la Jangwani, wakati umati wa asubuhi uko Kimara. Kwa hiyo kuna muda wa kulitoa basi maegeshoni, kulikagua na kulipeleka tupu hadi Kimara kabla abiria wa kwanza hajapanda. Huo ni muda wa kazi. Popote basi linapolala, uanze kuhesabiwa pale dereva anapokabidhiwa funguo.

Reli ililazimika kulipatia jambo hili jibu zamani. Wapo wanaoendesha treni njiani na wapo wanaopanga na kuunganisha mabehewa yadini, na ni lazima ijulikane nani anafanya kipi, kwa malipo gani, na saa ngapi anatoka kazini. Nchini Marekani vyama vya wafanyakazi na kampuni za reli viliandikiana mikataba juu ya mpaka huo. Sheria ya mwaka 1907 iliweka kikomo cha saa 16 kazini kwa wafanyakazi wa treni. Marekebisho ya mwaka 1969 yakakishusha hatua kwa hatua hadi saa 12. Kikomo hicho kinamfuata mfanyakazi mwenyewe, hata akibadilishiwa treni.

Matajiri watasema nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vipuri vimepanda bei, na wakiajiri watu wawili kwa gari moja biashara itakufa. Hoja ya gharama tunaielewa. Lakini watu wawili tayari wanaliendesha gari hilo, na wote wawili wanakula kutokana na gari hilo hilo. Tunachotaka ni wote wajulikane na mapato yagawanywe kwa haki. Ikiwa nauli haitoshi kumlipa anayeendesha na anayempokea, hilo lisemwe mezani LATRA inapokusanya maoni ya nauli, badala ya kumalizwa kimyakimya kwa usingizi wa dereva.

Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi waligoma, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Madai hayo yalikuwa ya haki wakati ule na ni ya haki leo. Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mkataba wa kila daladala utaje dereva, konda na deiwaka wao kwa majina, na useme kila mmoja anaingia saa ngapi na anatoka saa ngapi. Pili, malipo ya deiwaka yatolewe kwenye mapato ya gari kabla ya hesabu, kwa kiwango kilichokubaliwa. Tatu, LATRA, ambayo sheria yake ya mwaka 2019 inaipa kazi ya kuthibitisha madereva na kusajili wahudumu, imsajili deiwaka kama inavyomsajili dereva, ili saa zake zifuatiliwe hata akihama gari. Nne, Manispaa ya Ubungo iwatambue wapigadebe kwa vikundi vyao, iwape vitambulisho na ikubaliane nao kiwango cha malipo kwa kila gari, kibandikwe kituoni kila mtu akione.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya kutoka Dodoma. Saa 12 za kupumzika zimeandikwa tangu mwaka 2004. Kinachotakiwa ni LATRA, wenye magari na vyama vya wafanyakazi wakae pamoja waanze kuzihesabu, na waanzie hapa kwetu, kwenye vituo vya Kimara na Mbezi.