SKOLASHIPU BILA NAULI



Kila mwaka twatangaziwa kuwa nchi za ng'ambo zatoa skolashipu kwa vijana wetu. Twashukuru. Lakini twauliza: ni nani alipaye gharama zinazotangulia skolashipu? Kijana wa Mtae, ukingoni mwa milima ya Usambara, hana budi ateremke Lushoto, kisha Mombo, kisha Dar es Salaam, kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza na viza. Pasipoti peke yake ni shilingi 150,000. Mwenzake wa Micheweni, Pemba, avuka bahari kwa dhiki hiyo hiyo.

Historia yatufunza. Mwaka 1959 vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kuwapokea vijana wa Afrika ya Mashariki. Kilichokosekana ni nauli. Tom Mboya akachangisha fedha, na wanafunzi 81 wakasafirishwa kutoka Nairobi. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kwa msafara wa pili, naye Wangari Maathai alikuwamo.

Basi twaidai Serikali: Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004, pamoja na ile ya Zanzibar, zikopeshe gharama hizi kwa kila kijana mwenye sifa, awe mtoto wa mkubwa au wa mkulima. Nasi wanachama tusikae kitako. Kila tawi lisome matangazo ya skolashipu hadharani, yasiishie mezani kwa mtu mmoja na jamaa zake.