Adabu za mtaani: Kushinda, kisha kuaga



Juma hili mwezi ni mpevu, na sisi tunaoishi hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, tunajua maana yake. Wavuvi wa ndakala hawaingii ziwani, kwa sababu taa zao hazivuti samaki wakati ziwa lote linang'aa. Mitumbwi inalala mchangani, nyavu zinashonwa, na wanaume wana franka za giza lililopita mfukoni. Ndiyo siku ambazo meza za biyari zinajaa tangu saa tisa mchana.

Mama mmoja wa chama chetu alisimama katika mkutano uliopita kuomba mkopo katika mfuko wa kusaidiana. Ametupa ruhusa ya kueleza habari yake bila kutaja jina, na tunamshukuru, kwa sababu habari hiyo ni ya nyumba nyingi.

Mume wake alipita kwenye biyari akiwa na pesa za minervali ya binti yao. Alicheza na rafiki yake kwa franka 2.000, akashinda. Rafiki akasema, "Tuongeze mara mbili." Wakacheza kwa 4.000, akashinda. Wakaongeza tena, 8.000, akashinda. Hapo alikuwa na faida ya franka 14.000, na mvua ilikuwa imekatika. Rafiki akasema tena, "Mara mbili." Wakacheza kwa 16.000, akashindwa.

Sisi walimu tuna tabia ya kuhesabu, basi tuhesabu pamoja. Alishinda mara tatu, akashindwa mara moja tu, lakini faida yote 14.000 ilikwisha na akatoa 2.000 zake mwenyewe. Yeye aliyeshindwa mara tatu ndiye aliyebaki na faida. Hakuna uchawi hapo. Anayeongeza mara mbili kila anaposhindwa anahitaji kushinda mara moja tu ili arudishe vyote na zaidi. Wewe uliyekubali unahitaji kushinda kila mara, bila kukosa hata siku moja. Nani anaweza hivyo?

Yule baba hakuishia hapo. Aliona haya kurudi nyumbani na hasara wakati alikuwa na faida nusu saa mbele. Akacheza tena kwa 16.000, akashindwa. Akacheza tena, akashindwa. Jumla franka 34.000, na juu yake 1.500 za meza, kwa kuwa anayeshindwa ndiye anayelipa meza. Siku ya kwanza ya juma binti alirudishwa nyumbani. Ninyi wamama mnajua: shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini binti huyu yuko humanite, na huko mzazi analipa. Sisi walimu ndio tunaosoma ile orodha mbele ya darasa. Hatuifurahii kazi hiyo. Tunasoma jina, mtoto anakusanya daftari zake, na hatumwangalii machoni.

Mama alipomaliza kueleza, hakumtukana mume wake. Aliuliza swali moja: "Nilimwuliza mbona hukuondoka ukiwa na 14.000? Akanijibu, niliogopa waseme nimekimbia. Sasa ninyi niambieni, kama angeondoka, angekuwa amekosa adabu?"

Mkutano uligawanyika. Wengine walisema mshindi anayeondoka na pesa za wenzake ni mchoyo. Dada mmoja alisema hata kaka yake aliwahi kuitwa mwizi kwa jambo hilo. Ndipo mama mmoja mzee, anayeuza ndakala sokoni tangu sisi hatujazaliwa, akatukumbusha likelemba.

Alisema hivi. Katika likelemba tuko kumi. Mmoja anakula wa kwanza, kisha anaacha kutoa. Huyo ni mwizi, hata kama pesa zilipewa mkononi mwake kwa halali, kwa sababu aliahidi kutoa mpaka wa kumi ale. Lakini mtu akinunua beseni moja la ndakala kwangu kwa bei nzuri, akauza kwa faida, akaenda zake, amekosa nini? Hakuniahidi beseni la pili. Kuondoka si kosa. Kosa ni kuondoka katikati ya ahadi.

Tulikaa kimya kidogo, kisha tukaona kwamba amemaliza neno. Basi swali la biyari si kama mshindi anaruhusiwa kuaga. Swali ni nini aliahidi alipoanza. Na shida ya wanaume wetu ni kwamba wanaanza bila kuahidi chochote, halafu kila mmoja anaichora ahadi kichwani mwake kwa faida yake: aliyeshindwa anaona mchezo hauna mwisho mpaka arudishe zake, aliyeshinda anaona ulikwisha zamani. Ugomvi unatoka hapo.

Tuliwauliza baadhi ya baba na kaka zetu wanaoheshimika kwenye meza hizo, na tumeona kwamba adabu ipo, isipokuwa vijana hawafundishwi. Tunaiandika hapa ili muisome kwa sauti nyumbani, wakati wa chakula, bila kumwangalia mtu yeyote.

Kwanza, idadi inasemwa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. "Tunacheza michezo mitatu," au, "Naondoka saa kumi na moja." Ukisema hivyo mbele ya watu na ukiwa bado hujashinda wala kushindwa, hakuna atakayekuita mkimbizi baadaye. Ukisema ukiwa tayari na faida, hata kama ni kweli mke anakungoja, inasikika kama uongo.

Pili, aliyeshindwa ana haki ya revanshi moja. Kila mmoja akishinda mara moja, inachezwa bele ya kuamua. Baada ya bele mchezo umekwisha kwa wote wawili. Hakuna revanshi ya bele. Anayeomba ya nne haombi haki yake tena, anaomba huruma, na huruma inaweza kukataliwa kwa upole.

Tatu, pesa za kila mchezo zinabaki zile zile za mwanzo. Revanshi ni ya mchezo, si ya kuongeza pesa. Mtu akisema "mara mbili", jibu ni: "Kwa ile ile, niko tayari. Kwa mara mbili, hapana." Jibu hilo si la woga. Ni la mtu anayejua hesabu.

Nne, usiage katikati ya mchezo, wala usiage kwa kujificha, ukijifanya unaenda kujisaidia. Weka fimbo mezani, mpe mwenzako mkono, sema asante. Ukiwa na faida, mnunulie Fanta au lipa meza ya mwisho hata kama si zamu yako. Usihesabu pesa mbele yake, na usitangaze barabarani ni kiasi gani. Aliyeshindwa naye ana mtu anayemngoja nyumbani.

Tano, na hii ni kwa wanaotazama. Wale wanaopiga kelele "usiondoke, mkono wako una moto" hawajaweka hata franka moja. Mkono hauna moto. Mipira haikumbuki nani alishinda mchezo uliopita. Wachezaji wawili wenye nguvu sawa wakicheza michezo kumi kwa bei ile ile, kwa wastani watagawana tano kwa tano, kila mmoja atakuwa amelipa meza mara tano, yaani 2.500, na 5.000 zote ziko kwa mwenye meza. Ndiye peke yake anayefurahi mkikaa mpaka usiku.

Tunajua wengine wenu mtasema: Mwalimu, badala ya kuwafundisha kutoka, mbona usiwafundishe wasiingie? Mna haki. Sisi hatuchezi, na kwa vijana walio bado shuleni hatuna la kufundisha zaidi ya hilo moja: pesa na biyari visikutane. Lakini baba wa watu wazima wameshaingia. Tumewaambia wasiingie miaka mingi, wanatusikiliza, wanaitikia, na mwezi ukipevuka wako pale. Aliye ndani ya nyumba anahitaji kuonyeshwa mlango.

Na kuna sehemu yetu pia, wamama. Yule baba aliogopa jina la "mkimbizi" kuliko alivyoogopa kurudi mikono mitupu. Nani aliyemfundisha hivyo? Mara nyingine sisi wenyewe tunamcheka mwanaume anayerudi mapema, tunasema rafiki zake wamemfukuza, au mke amemfunga kamba. Mtoto anasikia. Akikua, atakaa mezani mpaka senti ya mwisho ili asichekwe. Anayerudi saa kumi na moja na pesa zake zote, hata bila faida, apokelewe kama aliyeshinda.

Kuhusu mkopo: mkutano ulikubali. Umeandikwa kwa jina la mama, wa kurudishwa katika majuma manne ya soko, bila faida, kwa sababu ni wa masomo. Lakini mama mzee aliongeza sharti moja, kwamba baba mwenyewe aje kupokea. Tulidhani hatakuja. Alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akapokea, akaiweka mikononi mwa binti yake mbele yetu, akaaga. Hakuna aliyesema neno. Jioni ile ile binti alipitia kwetu kuazima daftari za jografia, kunakili masomo ya siku tatu alizokosa.

Juma lijalo, kama mlivyoomba, tutazungumza juu ya mgeni anayekuja kwa siku mbili na kukaa miezi miwili. Mkutano ni siku ileile, saa nane, na wenye deni la vitambaa vya sikukuu wasisahau. Mbaki na amani.