PIMENI ATHI KABLA YA KUMKATA MTU MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi wa magari,

Kuna desturi imeingia katika magereji ya Mathare na kando ya Juja Road, nayo haifai. Gari likikataa kuwaka alfajiri, mwenye gari husema betri imekufa. Fundi huitikia kwamba kweli imekufa. Kisha dereva na makanga huambiwa kwamba wao ndio walioiua kwa muziki na taa zao, kwa hivyo walipe. Wawili wamekubaliana, wa tatu amenyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na katika hao wote hapana aliyeshika mita. Mimi nasema mtu asikatwe hata shilingi moja kwa ajili ya betri mpaka waya wa athi umepimwa mbele ya macho yake.

Kwa nini athi? Umeme hutoka katika betri kwa upande wa chanya, hufanya kazi yake katika taa au stata, na hapana budi urudi katika betri kwa upande wa hasi. Usiporudi hakuna kazi iliyofanyika. Katika gari njia ya kurudi ni chasisi na bodi na chuma cha injini, na kwa sababu hiyo watu huisahau. Waya wa kwenda hununuliwa mpya, mwekundu, mnene, na kuvikwa mpira. Njia ya kurudi huachiwa bolti moja yenye kutu. (Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa kinyume, chanya kwenye chasisi. Lakini njia ilikuwa ni mbili vile vile, kwenda na kurudi.)

Tazameni wavuvi wa omena katika Ziwa Victoria, ambao wengi wao wameacha karabai na kushika taa za betri. Mashua ya mbao haina chasisi. Kila taa huletewa waya mbili, na zote mbili hurudi mpaka kwenye betri. Taa ikipepesa usiku, mvuvi huziangalia zote mbili, maana anajua maji hayachagui chanya wala hasi. Sisi wa nchi kavu tunao ujuzi mwingi kuliko yeye, tena tuna mita, lakini tunaangalia waya mmoja tu.

Sasa hesabu. Stata inapozunguka huweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kama bolti ya athi ina uchafu wa kuzuia umeme kwa sehemu moja tu ya mia ya omu, basi hapo hapo volti 2 zimepotea kati ya zile 12, na stata inalia kama mgonjwa. Kwa taa ndogo uchafu huo hauonekani, na ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Taa zinawaka vizuri, basi athi ni nzima." Sivyo hata kidogo.

Tena madhara hayaishii kwenye stata. Altaneta nayo hupitisha umeme wake kwa njia ile ile ya kurudi. Ukipima pale kwenye altaneta utapata volti 14 na kitu, lakini betri yenyewe inapata 13. Betri inayonyimwa hivyo kila siku haijai hata mara moja. Sahani zake za risasi hushika ukoko mweupe, na baada ya miezi kadhaa inakufa kweli. Hapo mwenye gari hununua nyingine, huifunga kwenye bolti ile ile yenye ugonjwa, na mambo huanza upya.

Niliona jambo hili kwa macho yangu katika gari moja la abiria. Lilikuwa limetoka kupakwa rangi, picha nzuri kabisa pande zote. Katika muda usiofika mwaka lilikula betri tatu, na sehemu ya bei ya mbili kati ya hizo ilitolewa katika pesa za makanga, kidogo kidogo kila jioni baada ya kupeleka hesabu. Kijana mmoja fundi alipofungua bolti ya athi alikuta rangi chini yake, nyekundu na nyeusi, safu mbili. Mpaka rangi alinyunyiza juu ya chasisi, na aliyefunga waya akaufunga juu ya rangi. Msasa wa shilingi chache na dakika kumi za kazi, na betri ya tatu ikaishi. Makanga hakurudishiwa chochote. Aliambiwa ashukuru gari limepona.

Kupima si kazi ngumu. Weka mita kwenye volti za betri. Ncha moja igusishe kichwa cha hasi chenyewe, ile risasi, si ule mkono wa waya. Ncha nyingine igusishe chuma kisafi cha injini. Mwenzako azungushe stata. Ikiwa mita inaonyesha zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi ni mbovu. Halafu pima kipande kwa kipande: kichwa na mkono wa waya, mkono na chasisi, chasisi na injini. Panapoonyesha namba kubwa ndipo penye ugonjwa. Na asiye na mita achukue waya mnene wa kuazimia moto, autoe kwenye hasi mpaka kwenye injini. Stata ikiamka kwa nguvu, betri haina hatia. Unapofungua betri anza na hasi, na unapofunga hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayoshika moto, na macho hayauzwi Grogan.

Wengine watasema, "Lakini muziki kweli unakula betri." Ni kweli, injini ikiwa imezimwa. Lakini tuseme na ukweli wa pili ambao haupendwi kusemwa. Mabasi madogo mengi, kama yale ya Isuzu, ni ya volti 24, yaani betri mbili zilizofungwa mfululizo. Amplifaya ni ya volti 12. Badala ya kununua kibadilishi cha kushusha 24 kuwa 12, mtu huambiwa avute waya kutoka betri moja tu. Basi betri hiyo inabeba muziki peke yake na kushuka, tuseme mpaka 12.4. Altaneta haijui habari hiyo, inatia volti 28 kwa zote mbili pamoja. Toa 12.4 katika 28 uone kilichobaki: 15.6 kwa betri ya pili, nayo inachemka maji mpaka sahani zinakauka. Betri mbili zimeharibika, moja kwa njaa na moja kwa shibe. Nani aliagiza muziki ufungwe hivyo ili gari livute abiria? Si makanga.

Sheria nayo iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea ikiwa ni kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Rangi chini ya bolti si kosa la makusudi la makanga, na waya uliovutwa kwa amri ya mwenye gari si kosa la dereva. Tena sheria hiyo inahesabu mapatano ya mdomo pamoja na ya maandishi, kwa hivyo asiwepo wa kukuambia kwamba huna haki kwa kuwa huna karatasi.

Nina neno pia kwa mafundi wenzangu, nalo si tamu. Wako kati yetu wanaosema betri imekufa kwa sababu wanapata chochote dukani kwa kila betri wanayouza. Hao wanamwibia mfanya kazi mwenzao. Na betri kuukuu haziishi duniani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliwatia sumu watu waliokaa karibu nacho. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kila betri inayotupwa kabla ya siku zake inakwenda kuyeyushwa mahali fulani, na wanaokaa karibu na moshi ule ni watu kama sisi.

Kwa hivyo naleta shauri mbele ya mkutano wa tawi. Chama kinunue mita tatu, za kawaida. Moja ikae Mlango Kubwa, moja Huruma, moja katika magereji ya Juja Road, kila moja chini ya mwanachama anayejulikana. Mwanachama akiambiwa alipe betri, aite mwenye mita. Vipimo viandikwe katika daftari: volti za betri ikiwa imetulia, volti injini ikinguruma, na volti za athi stata ikizunguka, pamoja na tarehe na namba ya gari. Fundi atie sahihi. Mwenye gari akitaka kupima tena kwa fundi wake, na apime, mradi dereva na makanga wawepo. Daftari lisomwe kila mkutano wa mwezi.