Feni zinazunguka, kioo giza!

Basi bwana, Jumamosi nikajifungia chumbani, nikaunda kompyuta kwa pesa za mchezo nilizomkopa mama watoto. Nabonyeza swichi: feni zinazunguka, kioo giza totoro! Mama watoto huyo mlangoni, kashika kiuno.

Nikataka kukimbilia dukani, ninunue bodi nyingine. Kijana wa jirani akaniambia, “Mzee, tulia.” Akachomoa umeme, akatoa memori zote mbili, akarudisha moja, akaikandamiza mpaka ikalia “ta!” Bado. Akachungulia tena. “Na huu waya?”

Ule wa pini 8, unaolisha prosesa kule juu pembeni mwa bodi, ulikuwa unaning’inia! Kuuchomeka tu, picha hiyooo!

Msomaji wangu, kabla hujanunua kipuri, kagua waya. Tuonane wiki ijayo, kama bado nalala ndani.