Taa ya Kijapani haihitaji picha ya Mlima Fuji

Chukua chupa ya plastiki, ichore maua ya cheri na Mlima Fuji, tia balbu ndani, na wapo watakaoisifu kuwa taa ya Kijapani iliyotokana na vitu vilivyotupwa. Mimi naiona ni chupa iliyopakwa rangi. Anayetaka kubuni taa ya kupambia kwa kuwafuata Wajapani aazime namna wanavyoutendea mwanga na malighafi, hiyo michoro aiache. Ushahidi uko Gifu, mji wa Japani uliosifika kwa taa za karatasi zilizonakshiwa maua na majani, ndani mkiwashwa mshumaa. Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi, mzaliwa wa Los Angeles, alipita hapo, na meya akamwomba asaidie kuifufua kazi hiyo iliyokuwa imedorora. Noguchi aliweka balbu palipokuwa na mshumaa, akabuni maumbo mapya, na taa zake nyingi hazina mchoro wowote. Alichokibakiza ni ufundi: ufito mwembamba wa mwanzi huzungushwa kwenye kalibu ya mbao, karatasi ikabandikwa juu yake kwa gundi, na ikishakauka kalibu hufunguliwa na kutolewa kipande kimoja kimoja kupitia tundu. Kinachobaki hukunjika kikawa bapa. Taa hizo, ziitwazo Akari, hutengenezwa Gifu hadi leo, na sijasikia anayeuliza Ujapani wake uko wapi.

Mtu atasema karatasi ya Noguchi ilikuwa mpya, basi ya vitu vilivyotumika yanaingiaje? Yanaingia kwa sababu Japani ya enzi ya Edo haikuwa na haraka ya kutupa karatasi. Madaftari ya hesabu ya wafanyabiashara yalikatwa vipande vyembamba, yakasokotwa nyuzi na kufumwa nguo, na wino wa madeni ya zamani ukabaki madoadoa kwenye kitambaa. Alama ya matumizi ya awali haikufichwa, na hapo ndipo wabunifu wengi wanapopotea: wanalipaka kopo dhahabu hadi lisijulikane ni kopo. Kurasa za daftari kuukuu, zikiachiwa mistari na hesabu zake, taa ikiwashwa maandishi yenyewe ndiyo nakshi.

Pingamizi zito zaidi ni la moto. Balbu ya zamani ya waya hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa joto, na kuisogeza karibu na karatasi ni kutafuta balaa. Balbu ya LED ya wati chache imeipunguza sana hatari hiyo, mradi isigusane na karatasi. Lakini soketi na waya vinunuliwe vipya, dukani, hata kama kila kitu kingine kimeokotwa.