Pumzi ya mwanariadha haianzii dukani

Mchezaji akianza kutembea uwanjani dakika ya sabini, watazamaji wa Tunduma, mji wa mpakani mwa Tanzania na Zambia, hawatafuti sababu mbali: "Pumzi imekata." Dawa ya kocha nayo inajulikana, kesho wakimbizwe zaidi. Lawama huangukia mapafu na miguu. Msuli unaoyaendesha mapafu hayo hautajwi kabisa.

Mapafu hayajitanui yenyewe. Yanatanuliwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kikisaidiwa na misuli iliyo kati ya mbavu. Mtu aliyeketi barazani huvuta lita sita hadi nane za hewa kwa dakika. Mwanariadha wa kiwango cha juu akikaza mwendo huvuka lita 150. Kazi hiyo haifanyiki bure. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jerome Dempsey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapima waendesha baiskeli wakakuta kwamba mtu akifika kikomo cha nguvu zake, misuli ya kupumulia peke yake huchukua asilimia 14 hadi 16 ya damu inayosukumwa na moyo. Misuli hiyo ikielemewa, mwili hubana mishipa ya damu ya miguuni ili damu ipatikane juu. Mkimbiaji analalamika miguu mizito, kumbe mgogoro umeanzia kifuani.

Kama ni msuli, basi unaweza kufundishwa. Watafiti David Leith na Mark Bradley walilionyesha hilo mwaka 1976, na tangu hapo vimezuka vifaa vidogo vya plastiki vyenye springi: mtu anauma mdomo wa kifaa, anavuta hewa kwa kushindana na ukinzani, kwa kawaida pumzi 30 asubuhi na 30 jioni kwa wiki kadhaa. Je, vinafanya kazi? Vinafanya, kwa kiasi. Kati ya wapiga makasia 14 wa kike waliofuatiliwa kwa wiki 11, katika utafiti wa Stefanos Volianitis na wenzake uliochapishwa mwaka 2001, waliofanya mazoezi hayo walipunguza muda wao wa mita 5,000 kwa asilimia 3.1, ilhali wenzao waliopewa kifaa kisicho na ukinzani wa maana walipunguza asilimia 0.9. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, Mark Faghy na Peter Brown, walijaribu jambo linalowahusu zaidi watu wa mpakani. Waliwabebesha watu mzigo wa kilo 25 mgongoni, wakawatembeza saa nzima, kisha wakawakimbiza kilomita 2.4. Baada ya wiki sita za mazoezi ya kupumua, muda wa mbio ulishuka kwa takriban asilimia nane. Mzigo hubana kifua, na kifua kilichobanwa kinahitaji msuli wenye nguvu zaidi. Vijana wanaoshusha magunia Tunduma wanalijua hilo miilini mwao, hata kama hakuna aliyewapima.

Lakini muuzaji wa kifaa hasimulii hadithi yote. Uchambuzi wa tafiti 46 uliochapishwa mwaka 2012 na Sabine Illi na wenzake wa Uswisi ulionyesha kwamba wanaofaidika zaidi ni wasio na mazoezi ya kutosha, na kwamba faida huonekana zaidi katika kazi ndefu kuliko fupi. Kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hakipandi. Na zile barakoa nyeusi zinazouzwa kwa madai ya kumpeleka mtu mlimani akiwa jimu? Hazigusi mgandamizo wa hewa hata kidogo. Zinaziba njia ya hewa tu, na kwa mkazi wa Tunduma, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kununua mlima wa mpira ni kichekesho.

Mtanzania Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, miaka miwili kabla Leith na Bradley hawajachapisha utafiti wao. Kupanda kilima kwa kasi hadi tumbo na mbavu viume ni mazoezi ya kiwambo pia, na wilaya jirani za Mbozi na Ileje zina vilima vya kumtosha kila kocha. Kwa mtoto anayejiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, fedha ya kifaa ingefaa zaidi kununulia viatu na chakula.

Linalopaswa kuwasumbua wanamichezo wa mkoa huu wa Songwe ni hewa yenyewe. Tunduma ndilo lango la Zambia na nchi zilizo nyuma yake. Malori hupanga foleni barabara ya TANZAM, injini zikiunguruma, na kiangazi vumbi haliondoki angani. Vikundi vya jogingi navyo hupenda lami hiyohiyo, kwa sababu ni tambarare na haina mashimo. Sasa rudi kwenye hesabu ya lita. Anayevuta lita 150 anavuta moshi wa dizeli karibu mara ishirini ya dereva aliyelala kwenye kabini yake, tena kwa mdomo, bila kuchujwa na pua. Hakuna springi inayosafisha hewa hiyo, wala kiwambo chenye nguvu hakiichuji.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Kwanza mbio zihame barabara kuu, ziende njia za mashamba ya kahawa kuelekea Vwawa au vilima vya nyuma ya mji, na halmashauri inapopima viwanja vipya itenge njia ya kukimbilia mbali na foleni ya malori. Pili, kocha atenge siku ya vilima na afundishe kupumua kwa tumbo, jambo lisilogharimu shilingi. Kifaa kije baadaye, kwa yule anayerudi mazoezini baada ya kukaa muda mrefu au anayejiandaa kwa kazi ya kubeba mizigo. Mwenye pumu, au aliyewahi kupasuka pafu, apite kwanza kwa daktari.