Vepu "ya kuanzia": neno tamu linalowanasa vijana

GOMA – Kijana anasimama mbele ya meza ya muuzaji na kuuliza achukue vepu gani, na jibu linalomngoja ni lilelile: "Mdogo yangu, wewe bado mgeni, chukua hii ya kuanzia. Ile kubwa ni ya wazoefu."

Hii ya kuanzia ni kijiti cha plastiki chenye rangi ya pipi na harufu ya embe. Hakina kitufe. Unavuta, kinawaka chenyewe, kikiisha unakitupa. Ile kubwa ina tanki la kujaza, betri za kubadilisha na kioo kidogo kinachoonyesha wati. Kijana anatoa dola zake na kuondoka akiamini amechukua ile nyepesi.

Amedanganywa, hata kama muuzaji mwenyewe hajui kwamba amedanganya. Wepesi wa kijiti uko mkononi. Ndani ya damu mambo ni mengine kabisa. Vijiti vingi vya kutupa hujazwa chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi ili isikwaruze koo. Mtu aliyezoea sigara kali anajua kwamba koo humwonya: akivuta sana anakohoa, anaacha. Chumvi hiyo inanyamazisha onyo. Mtoto wa miaka 15 ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kuvuta nikotini nyingi bila kukohoa hata mara moja, na wenzake wakamsifu.

Hesabu yake si ngumu. Ulaya sheria inaruhusu miligramu 20 za nikotini kwa mililita moja, na kifaa cha kutupa kisizidi mililita 2. Hizo ni miligramu 40. Mvutaji wa sigara moja huingiza mwilini kama miligramu 1 hadi 2 hivi. Kweli, si nikotini yote iliyo kwenye kijiti inayofika kwenye damu. Lakini katika soko la dunia kuna vijiti vyenye miligramu 50 kwa mililita, na mililita 10 au zaidi ndani yake. Nani ameketi mezani hapo kumwambia mnunuzi kwamba kifaa hicho kina miligramu 500? Na hicho ndicho kinaitwa cha kuanzia! Kuanzia nini, kama si utumwa?

Wanaotetea biashara hii husema ni mvuke tu. Mvuke ni wa sufuria ya fufu. Hiki ni kimiminika cha kemikali, chenye nikotini na viungo vya harufu, kinachochemshwa na waya wa moto na kuingia kwenye mapafu. Na ubongo wa binadamu unaendelea kukua hadi karibu na miaka 25; nikotini inaukuta ukiwa bado mbichi.

Hiyo haifanyi ile kubwa kuwa rafiki. Betri yake ikitembea mfukoni pamoja na funguo au sarafu inaweza kushika moto. Chupa yake ya kujazia ina hatari nyingine, na hapa familia zilizohama vita zisikilize vizuri. Watu saba wanalala chumba kimoja cha mbao kwa ndugu aliyewapokea. Hakuna kabati la kufunga. Chupa ndogo yenye harufu ya matunda iko juu ya gunia, karibu na dawa ya kikohozi ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili akinywa kidogo tu anaweza kutapika, kutetemeka, hata kufa. Ikimwagika kwenye ngozi, nikotini inapenya. Anayekutwa na balaa hiyo aoshe mtoto haraka na kukimbia kituo cha afya akiwa na chupa mkononi, asingoje asubuhi.

Kijiti kilichokwisha nacho hakijafa. Ndani bado kuna betri ya lithiamu. Kikitupwa kwenye takataka zinazochomwa kando ya nyumba za mbao, kinaweza kulipuka. Ubelgiji ilikataza kuuza vijiti hivyo tangu tarehe 1 Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, Uingereza mwezi wa sita. Congo ndiyo inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, madini yanayoingia katika betri nyingi za aina hiyo. Jasho la Kolwezi linaondoka likiwa udongo, na linaweza kurudi likiwa takataka yenye harufu ya embe. Wenye viwanda wanaona ni sawa?

Kuna mtu mmoja ambaye swali la kuchagua kifaa linamhusu kweli: mzee aliyevuta sigara miaka ishirini na anataka kuacha. Utafiti unaonyesha vepu yenye nikotini inaweza kumsaidia, na inadhuru chini ya sigara. Huyo basi, kama hana njia nyingine, kinachomfaa ni kifaa cha kujaza chenye nguvu ndogo, kwa kimiminika ambacho lebo yake inasema kiasi cha nikotini, apunguze taratibu, na sigara aiache kabisa. Akivuta vyote viwili amejiongezea gharama. Cha kuchanganywa kienyeji asiguse: Marekani, hadi Februari 2020, watu 68 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu, wengi wao wakiwa wamevuta mafuta ya bangi ya magendo.

Asiyevuta hana cha kuchagua kati ya hivyo viwili. Pesa ya kijiti kimoja ni unga wa siku kadhaa kwa familia iliyokimbia na godoro tu.

Wauzaji nao wana midomo. Mzazi, mwalimu au chifu wa avenyu apite mezani na kuuliza mambo mawili: hiki kina miligramu ngapi, na jana uliuzia mtoto wa miaka mingapi?